Shibe Baada ya Kisu

Kuna aina ya simulizi ambayo unaijua hata kama hujawahi kusoma kitabu chake kizima. Ina picha mbili. Kushoto yuko mtu mnene, kasimama kwenye mwanga hafifu, hacheki. Kulia yuko mtu yuleyule, mwembamba, ameivuta mbele suruali yake ya zamani ili uone nafasi iliyobaki kiunoni. Kati ya picha hizo kuna mstari mweupe, na ndani ya mstari huo, unaambiwa, ulifanyika upasuaji wa kupunguza tumbo.

Nasoma fasihi, shahada ya uzamili, na kwa muda sasa nimekuwa nikisoma maandishi ya watu waliopitia upasuaji huo. Hoja yangu ni fupi. Mengi ya maandishi haya yanaishia pale ambapo hadithi ndiyo kwanza inaanza. Yanahesabu kilo na kusahau kijiko. Machache yaliyo bora yanakaa na kijiko, lakini hata hayo yanamwacha nje mtu mmoja muhimu: yule aliyekaa upande wa pili wa sahani.

Umbo la picha mbili si geni kwetu. Ni ngano. Fisi alinusa nyama ya karamu mbili, akafika njia panda, akazitaka zote, akapasuka msamba. Tumekua tukijua kwamba mlafi ana mwisho wake, na kwamba mwisho huo ni haki yake. Simulizi ya upasuaji inachukua ngano hiyo na kubadilisha tamati tu: fisi anapasuliwa na daktari badala ya kupasuka mwenyewe, kisha anazinduka akiwa swala. Kosa, adhabu, utakaso. Msomaji anafunga ukurasa akiwa ameridhika, wala haulizi swala huyo kesho yake asubuhi alikunywa chai na nini.

Mfano wa wazi ni Carnie Wilson, mwimbaji wa kundi la Wilson Phillips. Mwaka 1999 alifanyiwa upasuaji wa aina ya baipasi na tukio lenyewe likarushwa moja kwa moja kwenye intaneti, wakati ambapo intaneti yenyewe ilikuwa bado changa. Hapo umbo la picha mbili lilipata kilele chake: hata ule mstari mweupe wa katikati uligeuzwa kuwa onyesho. Lakini tazama vichwa vya vitabu alivyotoa baadaye. Cha mwaka 2001 kinaitwa Gut Feelings. Cha mwaka 2003 kinaitwa I'm Still Hungry, yaani bado nina njaa. Mwaka 2012 alirudi tena hospitali kwa upasuaji wa pili, safari hii wa kufungwa mkanda kwenye tumbo. Ukiviweka vichwa hivyo viwili pamoja na tarehe hiyo ya tatu, unapata simulizi tofauti kabisa na ile ya picha. Njaa iliingia chumba cha upasuaji pamoja na mgonjwa, na ikatoka naye.

Ili kuelewa kwa nini kijiko kina hadithi kubwa kuliko kisu, inabidi tuangalie kisu kinafanya nini. Katika upasuaji wa slivu, ambao sasa ndio unaofanywa zaidi duniani, daktari huondoa kiasi cha asilimia 80 ya mfuko wa chakula na kuacha bomba jembamba lenye umbo kama ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni inayouambia ubongo kwamba una njaa. Katika baipasi, daktari hutenga kifuko kidogo cha kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, na kukiunganisha na utumbo mdogo chini zaidi.

Kisha mgonjwa anarudi nyumbani na kuanza kula upya. Ratiba hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, lakini mpangilio ni uleule. Kwanza maji na supu iliyochujwa, kwa funda ndogondogo. Halafu vimiminika vizito zaidi. Halafu vyakula vilivyosagwa. Halafu vilaini. Vyakula vya kawaida hurudi baada ya mwezi mmoja au miwili, navyo kwa masharti: protini kwanza, kati ya gramu 60 na 80 kwa siku, tafuna mpaka tonge liwe uji, usinywe maji wakati wa kula, wala nusu saa baada ya kula. Aliyefanyiwa baipasi akila kitu chenye sukari nyingi anaweza kushikwa na moyo kwenda mbio, jasho, tumbo kukata na kuhara. Vidonge vya vitamini ni vya maisha yote. Miezi michache baada ya upasuaji nywele za wengi huanza kukatika, kisha huota tena.

Isome orodha hiyo tena, safari hii kama mhakiki. Mtu aliyekula kwa miaka thelathini au arobaini anajifunza kula kama mtoto anayeachishwa ziwa, na anajifunza akiwa na kumbukumbu zote za mtu mzima. Mkono bado unajua tonge lilikuwa na ukubwa gani. Pua bado inajua vitunguu vikikaangwa maana yake ni saa ngapi. Lugha yetu inatofautisha njaa, hamu, uchu na uroho. Kisu kinapunguza njaa, na kwa muda kinaweza kutuliza hata uchu. Lakini hamu ina makao mengine, na mwenye tumbo jipya anaweza kugundua kwamba hana njaa hata kidogo na bado anataka kula. Mwandishi gani asingetamani kuwa na mhusika wa namna hii?

Roxane Gay alikuwa naye. Mwandishi huyu Mmarekani mwenye asili ya Haiti alitoa kitabu chake Hunger mwaka 2017, kabla hajafanyiwa upasuaji wowote wa kupunguza tumbo. Kina sura 88, nyingi fupi sana, na kiini chake kinajulikana: alibakwa na kundi la wavulana akiwa na umri wa miaka 12, akaanza kula ili mwili wake uwe ngome ambayo hakuna atakayetaka kuivamia. Alipofikia uzito wa juu kabisa alikuwa na zaidi ya kilo 260. Katika kurasa za mwanzo anasimulia jinsi alivyokwenda na baba yake katika kliniki moja Florida kusikiliza maelezo ya upasuaji wa baipasi, wenye gharama ya dola 25,000, na jinsi alivyoondoka bila kuukubali.

Ninachokipenda katika Hunger ni kwamba chakula hakigeuzwi kuwa mshtakiwa. Gay anaandika juu ya mapenzi yake kwa kipindi cha mapishi cha Ina Garten, mwanamke anayepika kwa utulivu na kuonekana anafurahia nyumba yake na mwili wake. Anaandika juu ya kujifunza kupika mwenyewe. Chakula katika kitabu hicho ni dawa, ni silaha, ni ukuta, na wakati mwingine ni chakula tu. Kwa sababu hiyo msomaji anapofika mwisho anaelewa vizuri kitu ambacho picha mbili haziwezi kueleza: kwamba ukimwondolea mtu huyu chakula, hujamwondolea tabia mbaya. Umemvunjia nyumba.

Na ndivyo ilivyokuwa. Januari 2018 Gay alifanyiwa upasuaji wa slivu, zaidi ya miaka 15 tangu siku ile ya Florida. Aprili mwaka huohuo akachapisha insha yenye kichwa What Fullness Is. Kichwa hicho kinaweza kufasiriwa kuwa "shibe ni nini," ingawa neno lake la Kiingereza linabeba pia hali ya kujaa tu, kama ndoo inavyojaa. Humo anaeleza kwamba alichoka, na kwamba kilichomchosha zaidi kilikuwa namna dunia inavyomtendea mtu wa umbo lake. Anaeleza hofu yake kwamba wasomaji waliomwona kama mtetezi wa miili minene wangemwona msaliti. Na anaeleza huzuni iliyomwangukia baada ya kupoteza faraja aliyokuwa ameitegemea tangu utotoni. Kile ambacho chakula kilikuwa kinakifunika kilibaki wazi.

Wapo waliosema insha hiyo ni dhaifu kwa sababu haina hitimisho. Mimi naona hapo ndipo ubora wake ulipo. Iliandikwa miezi mitatu tu baada ya upasuaji, na mwandishi hajifanyi kujua mwisho. Hatupi picha ya kulia. Anatupa mtu aliyesimama jikoni hajui afanye nini na mikono yake. Udhaifu ninaouona ni mwingine: Gay anauliza swali la shibe akiwa peke yake. Watu wengine katika insha hiyo zaidi ni macho, ni dunia inayotazama na kuhukumu. Mezani, mtu anayekula naye haonekani sana.

Jen Larsen anasogea hatua moja mbele. Kitabu chake Stranger Here cha mwaka 2013 kinataja tangu kwenye jalada kwamba upasuaji ulibadilisha mwili wake na kumvuruga akili. Yeye alifanyiwa upasuaji mkali zaidi, unaopunguza tumbo na pia kuruka sehemu kubwa ya utumbo ili mwili usinyonye sehemu kubwa ya kile kinacholiwa. Kilo zikaondoka. Yule mtu aliyetarajia kumkuta chini yake, mwenye ujasiri na mpenzi mwema na maisha yaliyonyooka, hakuwepo. Larsen anachekesha, na kicheko chake kinafanya kazi: kinabomoa ule mstari mweupe kati ya picha mbili na kuonyesha kwamba mwanamke wa kulia ni yuleyule wa kushoto, isipokuwa sasa hana kisingizio. Ni kitabu cha kweli. Lakini swali lake kuu linabaki kuwa "mimi ni nani?" Ni swali zuri, na ndilo swali ambalo fasihi ya aina hii nchini Marekani hulipenda kuliko yote.

Sisi tungeuliza nini? Nadhani tungeuliza: "Mbona huli?"

Huku kwetu ile picha ya kulia haisomeki jinsi inavyosomeka California. Katika miaka ya 1980 nchini Uganda, UKIMWI uliitwa slim kwa sababu ulimkondesha mtu mpaka akaisha. Jina hilo limezeeka lakini jicho lake halijafa. Mtu akipungua kilo 40 ndani ya mwaka mmoja hapa Dar es Salaam, wa kwanza kumwona hamwambii "hongera." Anamvuta kando na kumuuliza kama ameshapima. Kwa upande mwingine, "umenenepa" kwa shangazi wengi bado ni sifa, maana yake umetulia, unatunzwa, mambo yanakwenda. Simulizi ya picha mbili inapoletwa hapa bila kubadilishwa inafika ikiwa na lugha ya kigeni: inadhani kila mtu anakubaliana picha ipi ni ya mgonjwa na ipi ni ya mzima.

Mama yangu mdogo alifanyiwa upasuaji wa slivu nje ya nchi. Nilikaa naye wiki za mwanzo aliporudi. Karatasi ya maelekezo aliyopewa ilijaa mtindi usio na mafuta, jibini laini, na vinywaji vya protini vya kopo. Bibi aliisoma, akaikunja, akaingia jikoni. Akamtengenezea mtori, ndizi zilizopondwa na kuchujwa mpaka zikawa laini kama krimu, nyama ikiwa imesagika ndani yake. Kwa bibi hapakuwa na fumbo lolote. Mwanamke akijifungua anapewa mtori na uji wa pilipili manga, anakaa ndani siku zake, hapewi ugali. "Huyu naye kakatwa," alisema bibi, "tofauti yake hana mtoto." Kati ya yote niliyoyasoma kuhusu kula baada ya upasuaji, sijakutana na ufafanuzi unaoizidi sentensi hiyo. Bibi alikuwa ameipa hali mpya mahali pake ndani ya desturi ya zamani, na kwa kufanya hivyo akamwondoa mwanawe kwenye orodha ya wakosaji na kumweka kwenye orodha ya wazazi.

Taabu ilianza baada ya mtori. Kwenye harusi ya ndugu yetu tulikaa tukala sinia moja watu watano. Pilau. Wali kwa tumbo la namna ile ni mtihani, unavimba na kukwama. Mama mdogo alikula kijiko cha tatu, akatua. Mwenyeji akaja. "Dada, mbona huli? Chakula chetu kibaya?" Akacheka, akasogeza matonge mawili ya wali upande wake. Akasogeza tena. Mama mdogo angeweza kueleza habari za mililita na ghrelini mbele ya wageni wote. Badala yake akanitazama. Nikaanza kula upande wake wa sinia, polepole, mkono wangu ukipita mbele yake kana kwamba ni bahati mbaya, na upande wake ukapungua kama unavyopaswa kupungua. Mwenyeji akaridhika. Tulifanya hivyo mwaka mzima, kwenye misiba, Idi na mahafali. Mimi nilinenepa kidogo.

Kiswahili kina neno la jambo hilo. Watu wawili wanaopendana na kuaminiana tunasema wameshibana. Neno linatoka kwenye kushiba, na kiambishi chake kinasema wazi kwamba shibe hiyo haiwezi kupatikana kwa mtu mmoja. Mwingine ndiye anayekushibisha, nawe unamshibisha yeye. Sidai kwamba lugha yetu inatufanya tule vizuri zaidi kuliko wengine. Sinia lilelile linaloshibisha ndilo linalomlazimisha mgonjwa ale kinachomdhuru. Ninadai tu kwamba neno hili linamwonyesha mhakiki kitu ambacho vitabu nilivyovitaja vinakipita. Mtu aliyepunguzwa tumbo amepoteza faraja yake, kama Gay anavyosema kwa ukweli wote. Amepoteza pia njia yake ya kusema "nawapenda, nimefika, mimi ni wenu." Katika nyumba nyingi njia hiyo ni kula mpaka mwenyeji aone sahani tupu.

Neno la pili ni kukinai. Linatokana na Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu kuridhika na ulichonacho, na maana hiyo bado ipo kwetu: mwenye kinaa hana tamaa. Lakini jikoni limepata maana nyingine. Chakula chenye mafuta mengi kinakinaisha. Umekula mpaka hutaki tena kukiona. Neno moja linabeba kuridhika na kuchukizwa, na mpaka kati ya hali hizo ni tonge moja tu. Kwa mtu mwenye tumbo la kawaida tofauti hiyo ni mchezo wa maneno. Kwa aliyepunguzwa tumbo ndiyo maisha ya kila siku. Tonge la nne ni raha, la tano ni maumivu kifuani na kukimbilia chooni kutapika. Anajifunza kusimama kwenye la nne, kila mlo, kila siku. Sijakutana na ukurasa unaolieleza tonge la nne vizuri. Gay anaukaribia. Wengine wanaruka moja kwa moja hadi kwenye mizani.

Nayasema haya sasa kwa sababu habari yenyewe imeshafika kwetu. Katika miaka ya karibuni Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilitangaza huduma ya kuweka puto tumboni ili kupunguza uzito, na kwa wiki kadhaa puto likawa gumzo kwenye redio na daladala. Puto si upasuaji. Huingizwa kwa mpira kupitia kinywani na kutolewa baada ya miezi kadhaa. Lakini mazungumzo yalifuata njia ya ngano ileile. Wengi waliuliza ni shilingi ngapi. Wengi walisema ni uvivu, wafanye mazoezi. Fisi tena, njia panda tena. Sikumbuki kusikia mtu akiuliza: ukishatoka pale, nyumbani kwenu saa moja usiku, unakula nini na unakula na nani?

Hilo ndilo swali ninalotaka waandishi wetu walichukue, na walichukue kabla ya picha mbili hazijaota mizizi. Nyenzo tunazo. Tuna mtori na tuna arobaini ya mzazi. Tuna mwenyeji anayesogeza wali na mgeni asiyejua akatae vipi bila kumvunjia heshima. Tuna methali isemayo shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza, ambayo inazitilia shaka zote mbili na kumnyima msikilizaji raha ya kuchagua upande.

Ningependa kusoma insha ya mtu wa hapa ambaye miaka mitatu imeshapita. Watu wameacha kumwambia amekonda. Nywele zimerudi, na baadhi ya kilo pia, kama zinavyowarudia wengi. Hakuna anayempiga picha. Ni Jumanne, anasonga ugali wa watoto, akijua kwamba wake yeye ni tonge moja na mboga nyingi, na maji ni baadaye. Mdogo kabisa anamuuliza, "Mama, umeshiba?" Nataka kujua anajibu nini, na kwa neno lipi.